Akili bandia na afya yetu hapa Goma: maswali mnayotuuliza kila mara

Ukurasa huu umeandikwa na kikundi kidogo: wauguzi watatu, wahamasishaji wa jamii (wale mnaowaita RECO), na vijana wawili wa kompyuta ambao bado wanajifunza kunyamaza mama anapozungumza. Maswali tumeyaokota kwenye mikutano ya avenu, yaani ya mitaa, kule Ndosho, Majengo, Kyeshero na kule juu Nyiragongo. Tumeyaacha jinsi yalivyoulizwa. Majibu ndiyo tumeyanyoosha kidogo.

Hiyo IA munasemaka kila siku ku redio, ni nini? Ni roboti?

Si roboti. Hakuna chuma kitakachotembea Birere. Kwa Kifaransa ni IA. Kwa Kiswahili wengine wanaandika akili bandia, wengine akili mnemba. Ni programu ya kompyuta iliyopewa mifano mingi ya mambo yaliyokwisha kutokea, ikatafuta mwenendo ndani yake, kisha ikakisia yajayo. Ukiipa rejista za kipindupindu za miaka kadhaa pamoja na siku za mvua, inaweza kukuonyesha eneo la afya ambalo lina hatari wiki ijayo. Lakini inakisia tu, tena kwa kutumia kile ilichopewa.

Mashine haina kabila, haijui nani tajiri nani masikini. Sasa ubaguzi inatoka wapi?

Inatoka kwenye rejista. Chukua lile daftari kubwa lililoko mezani kwa muuguzi, lenye pembe zilizojikunja. Safu zimepigwa kwa biki na rula: tarehe, jina, umri, jinsia, avenu, analalamikia nini, amekutwa na nini, amepewa dawa gani. Asubuhi mwandiko ni mzuri. Kufikia saa sita mchana, foleni ikiwa imefika mlangoni, safu ya avenu inaanza kujaa alama mbili ndogo, zile za "idem", yaani "kama hapo juu". Idem, idem, idem, mpaka chini ya ukurasa. Sisi wauguzi ndio tunaoandika hivyo, hatumsingizii mtu. Kijana wa kompyuta akija kunakili ukurasa ule, wagonjwa wote wa siku hiyo wanageuka kuwa wakazi wa avenu moja, ile ya mtu wa kwanza aliyewahi foleni.

Hilo ni kosa dogo, linarekebishika. Kuna kubwa kuliko hilo, nalo tulilifanya wenyewe. Tulitengeneza orodha ya avenu kufuatana na hatari ya kipindupindu, ili tujue wapi pa kupeleka klorini kwanza. Avenu za karibu na ziwa zikatokea chini kabisa: wagonjwa wachache mno. Tukafurahi. Tukaonyesha orodha kwenye mkutano, na mama mmoja, RECO wa siku nyingi, akacheka mpaka akajifuta macho na kitenge. "Dokta, bale batu ba ku ziwa banaendaka ku farmasi. Hapa habafikake." Kituo kiko mbali, na fishi ya kumwona muganga inalipwa, wao wananunua dawa kwenye famasi ya jirani, na anayezidiwa anapelekwa moja kwa moja kituo cha matibabu ya kipindupindu, ambako anaandikwa kwenye daftari la huko. Kwa hiyo tulikuwa tumehesabu wenye uwezo wa kufika kituoni. Wenyewe tukadhani tumehesabu wagonjwa.

Tusidhani ni ujinga wa Goma. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walichapisha kwenye jarida la Science uchunguzi wa programu iliyokuwa ikitumika kule kuchagua wagonjwa wa kupewa uangalizi zaidi. Programu haikuulizwa rangi ya mtu. Ilikisia pesa zitakazotumika kumtibu, ikachukulia kwamba anayetumiwa pesa nyingi ndiye mgonjwa zaidi. Kwa kuwa Weusi kule hutumiwa pesa kidogo hata wakiwa wagonjwa sawa na Weupe, mashine iliwaona ni wazima. Watafiti walipiga hesabu: kama kasoro hiyo ingeondolewa, sehemu ya Weusi kati ya wanaochaguliwa ingepanda kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5. Ni kosa letu la ziwani, ila lao lilivaa koti na tai.

Hata kifaa kidogo kinaweza kuwa na ubaguzi bila programu yoyote ya maana ndani yake. Kile kidude cha kubana kidoleni kupima oksijeni, mlichokiona sana wakati wa Korona: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba kilikosa kuona upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa Weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa Weupe. Kinasoma kwa mwanga unaopita kwenye ngozi. Namba za kidude hicho zikiingizwa kwenye akili bandia, kosa linaingia nazo, na huko ndani hakuna atakayeliona tena.

Sasa siye hatukusoma kompyuta. Munatuita kufanya nini?

Kutuambia mambo ambayo hayapo kwenye daftari.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa kambi. Mwaka 2023 na 2024 wakimbizi wa vita walijaa pembezoni mwa mji: Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala, Mugunga. Kipindupindu kilikuwa huko, na rejista zinasema hivyo. Mwisho wa Januari 2025 mji ukaingia mikononi mwa M23, kundi lenye silaha, na Februari kambi zikavunjwa, watu wakatawanyika: wengine walirudi vijijini, wengine wakabanana kwa ndugu humu mjini. Programu iliyofundishwa kwa data za kabla ya hapo ingeendelea kupiga kengele juu ya Bulengo, ikinyooshea kidole viwanja vyenye mabaki ya turubai, na huku familia tatu zinashiriki choo kimoja Majengo na haijui. Mtu wa avenu analijua hilo siku hiyohiyo, kwa sababu bidoni za njano kwenye foleni ya maji zimeongezeka ghafla.

Wazee wanakumbuka pia Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipoingia karibu milioni moja kwa siku chache. Kipindupindu na kuhara damu vikaua watu takriban 50,000 katika mwezi wa kwanza. Ukiwauliza wazee hao kwa nini maji yalikuwa shida hivyo na ziwa liko palepale, watakueleza habari ya mawe: ardhi yetu ni lava, kuchimba choo ni kazi ya nyundo, kuchimba kisima ndiyo usiseme. Mtu anayeunda modeli akiwa Ulaya anaweka "umbali hadi maji" kwenye hesabu yake na kuridhika. Hajui kwamba anayeishi hatua chache kutoka ziwani ndiye anayekunywa maji mabaya zaidi.

Tena kuna suala la kuaminiana, ambalo wenye kompyuta huliona la mwisho. Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Chanjo ilikuwepo. Vituo vya matibabu vilikuwepo, na vingine vilichomwa moto. Septemba 2018 watafiti waliuliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo: mmoja kati ya wanne alisema ugonjwa huo haupo, na chini ya theluthi moja waliamini kwamba wakubwa wa pale wanatetea masilahi ya wananchi. Mahali kama hapo, mashine hata ingekisia vizuri namna gani, nani angeifuata?

Kilichosaidia kidogo kidogo kilikuwa kusikiliza. Wajitolea wa Msalaba Mwekundu walipita nyumba kwa nyumba wakiandika maneno ya watu kama yalivyosemwa: maswali, uvumi, matusi, yote. Familia zilikuwa zikiuliza, tunajuaje ndani ya mfuko kuna ndugu yetu na si mawe? Ikaletwa mifuko ya maiti yenye sehemu ya kuonea uso. Plastiki tu, haina teknolojia yoyote ya ajabu.

Mutatuita mwanzo, ao ni mwisho kwa kupigwa foto?

Swali zuri, na lina hasira ndani yake, tunalijua. Tumeona semina nyingi ambapo mradi umekwisha pikwa, jamii inaitwa kuonja, foto inapigwa, soda inagawanywa, kwaheri.

Kwa maoni yetu kuna nafasi ambazo jamii isipokuwepo, afadhali isiitwe kabisa. Ya kwanza ni pale swali linapochaguliwa. Tulipouliza wamama wa Ndosho tuanze na nini, hawakutaja ugonjwa tuliokuwa tumeandikia pendekezo. Walitaka kujua siku ambayo chanjo za watoto zitakuwepo kituoni, wasitembee bure na mtoto mgongoni. Hilo halihitaji hata akili bandia, linahitaji mtu wa kutuma ujumbe.

Ya pili ni pale mashine inapoambiwa "mgonjwa" maana yake nani. Mliona kisa cha ziwani.

Ya tatu ni kuweka mpaka wa namba, na hapa tukae kidogo. Chukua kifua kikuu. Kuna programu zinazosoma picha ya eksirei ya kifua na kutoa alama. Shirika la Afya Duniani liliruhusu zitumike mwaka 2021, kwa watu wa kuanzia miaka 15. Programu haisemi "huyu anaumwa". Inatoa namba, na binadamu lazima aamue: kuanzia namba gani tunamtuma mtu kupima makohozi? Ukiweka mpaka chini, utawatuma wengi wasio na kitu; watapoteza siku ya kazi na pesa ya moto (pikipiki), na vifaa vya maabara vitakwisha. Ukiuweka juu, mwenye ugonjwa anarudi nyumbani kukoholea watoto. Hesabu inaweza kuonyesha kila chaguo litagharimu nini. Haiwezi kusema ni gharama ipi watu wa Kyeshero wako tayari kuibeba, na mtengenezaji wa programu aliyeko mbali hana haki ya kuwaamulia.

Ya nne ni kusimamisha. Kama jamii haina uwezo wa kusema "zima hiyo kitu" na ikazimwa, basi ilialikwa tu, haijashiriki.

Inasikia Kiswahili yetu?

Vibaya. Mashine nyingi zimefundishwa Kiswahili cha Tanzania na Kenya, cha magazeti na taarifa ya habari. Mtu wa Goma akisema "mutoto iko nakosola, mwili iko moto, tangu jana habakule", na katikati akatia Kifaransa na neno la Kinande alilorithi kwa bibi, mashine inaandika mambo ya kuchekesha. Tulijaribu programu moja ya kuandika sauti. Dada mmoja alisimulia maumivu ya mimba yake, skrini ikaandika kitu kuhusu mimea. Tulicheka. Baadaye hatukucheka, kwa sababu fikiria ingekuwa namba ya simu ya dharura.

Si kwamba haiwezekani. Mwaka 2020 watafsiri walioandaa maandishi ya Korona kwa ajili ya kufundishia mashine za kutafsiri walikihesabu Kiswahili cha Kongo peke yake, kando na cha pwani. Masakhane, mtandao wa watafiti wa Kiafrika wa lugha na kompyuta, unafanya kazi kwa imani kwamba wenye lugha ndio waitengenezee mashine zake. Hapa kwetu kazi ingeanza na mambo madogo: kukaa na wakunga na RECO kuandika jinsi watu wanavyoutaja mwili wao. Kwa mfano "homa": mmoja akisema homa anamaanisha joto la mwili, mwingine malaria moja kwa moja. Muuguzi hujua kwa kumtazama msemaji. Mashine haimtazami mtu.

Mutachungulia simu zetu?

Sisi hatuchungulii, na mradi wowote ukikuomba ruhusa ya kuona mahali ulipo, uliza ni kwa nini. Tena data za simu hapa mpakani hazina maana kiasi wanavyodhani: watu wengi wa Birere na karibu na mpaka mdogo wana laini ya Rwanda kwenye simu ileile. Kwa mtazamo wa kampuni ya simu, mtu anakunywa chai Gisenyi. Kumbe yuko kwake, anamenya viazi.

Nchi ina sheria. Code du numérique, yaani Ordonnance-loi namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, ina sehemu nzima ya kulinda data za kibinafsi. Na mkataba wa Umoja wa Afrika uliopitishwa Malabo mwaka 2014 ulianza kufanya kazi Juni 2023. Lakini tusidanganyane. Sisi tunaishi mahali ambapo wenye mji wanaweza kubadilika kwa juma moja, na orodha iliyokusanywa kwa ajili ya chanjo inaweza kufika kwenye mkono usioijua chanjo. Kwa hiyo kanuni yetu ni ya kizamani: usichokiandika hakiibiwi. Kuhesabu wenye kipindupindu kwa avenu hakuhitaji jina, wala namba ya simu, wala kabila. Safu hizo hatuziweki kabisa.

Naweza kukatala?

Ndiyo. Na ukikataa utatibiwa vilevile. Mtu akikuambia bila kusaini hupati dawa, mwambie mwenyekiti wa CODESA, ile kamati ya wakazi ya eneo la afya, siku hiyohiyo.

Nani analipwa mu mambo hii?

Wakati wa Ebola watu walikuwa na jina lake: "Ebola business". Magari mapya, nyumba za kupanga kupanda bei, na RECO anayetembea kilomita nyingi akirudishiwa ahsante. Mambo hayo yameacha kidonda, na kila mradi wenye neno jipya unakigusa.

Msimamo wetu: anayekaa nusu siku kurekebisha orodha ya mashine amefanya kazi ya utaalamu, alipwe kama mtaalamu, si kupewa "transpo" (nauli) tu. Kiasi kitangazwe mbele ya watu wote. Tangu benki za mji zilipofungwa mwaka 2025 malipo yamekuwa magumu, mengi yanapita kwenye simu na makato yake. Makato hayo yalipwe na mradi. Hatujafaulu kila mara. Kuna mkutano mmoja ambapo mfadhili alilipia hoteli ya mtaalamu mgeni usiku minne na kusema pesa ya wamama imekwisha, nasi tulikubali kuendelea. Hatukupaswa.

Chefu wa avenu akikubali, si tumekubali wote?

Hapana, pamoja na heshima zote kwa wachefu. Chefu anafungua mlango, hawezi kuwasemea wote walioko ndani. Ugonjwa wa mpoksi ulitufundisha. Aina mpya ya kirusi ilijulikana kutoka Kamituga, mji wa dhahabu Kivu Kusini, kuanzia Septemba 2023, na miongoni mwa walioumia mapema walikuwa wanawake wanaouza ngono na wachimbaji. Agosti 2024 ikawa dharura ya dunia, na tarehe 5 Oktoba chanjo zikaanza hapa Goma. Sasa niambie, ni nani kati ya wale dada angesimama kwenye mkutano wa avenu, mbele ya mchungaji na mama mkwe, aeleze amepataje? Kwa hiyo tunafanya vikao vidogo vingi: wanawake peke yao, motari (waendesha pikipiki) peke yao, wenye ulemavu kwenye nyumba isiyo na ngazi, waliotoka kambini na waliowapokea, kila upande na siku yake kwanza. Inachosha. Wafadhili wanapenda mkutano mmoja wa watu mia.

Mashine ikikosea, tunashitaki nani?

Mashine haishitakiwi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Juni 2021 kuhusu akili bandia na afya, liliweka uwajibikaji wa binadamu kati ya kanuni zake sita. Kwa lugha ya kwetu: kila programu iwe na mtu mwenye jina na ofisi, anayejulikana na zoni ya afya. Sisi tunabandika karatasi ukutani kituoni: programu hii inafanya nini, imefundishwa kwa data za wapi, nani wa kulalamikia, na safu tupu ya makosa yaliyoripotiwa. Safu hiyo ikibaki tupu miezi mitatu hatufurahi, tunaenda kuuliza kama watu wanajua kwamba ipo.

Itanyanganya RECO kazi?

RECO hana mshahara, kwa hiyo ni vigumu kumnyang'anya. Tunaogopa kinyume chake: aongezewe simu ya kujaza fomu, mega za intaneti anunue mwenyewe, na kutembelea nyumba kubaki palepale.

Inaweza kujua Nyiragongo itatapika siku gani?

Linaulizwa kila mkutano, bila kukosa. Hapana, hiyo ni kazi ya Observatoire ya volkano, na tarehe 22 Mei 2021 sote tulishtukia anga limekuwa jekundu. Lakini swali si la mzaha. Mlima ukitapika watu wanakimbilia Sake na Gisenyi, mabomba ya maji yanakatika, na kila kitu ambacho programu iliamini kuhusu nani anaishi wapi kinapinduka kwa usiku mmoja. Siku hiyo tutaizima na kurudi kwenye daftari.

Nifanye nini kama nataka kuingia?

Muulize RECO wa avenu yako, au mfike kwenye kikao cha CODESA cha eneo lenu. Kusoma si sharti. Kuna wa kusoma kwa sauti. Vikao vya wamama tunavianza saa tisa, kwa sababu tulivyoviweka saa tatu asubuhi walikuja wanaume tu, wamama walikuwa kwenye foleni ya maji. Njoo na mtoto. Na bidoni pia. Kijana mmoja wa kompyuta ndiye zamu yake kuzilinda mlangoni.